Besi wa Jangwani: Yanayosemwa Nairobi na Yaliyo Kweli

Ukiketi na wavuvi wa wikendi hapa Nairobi, hukosi mmoja wa kutoa simu akuonyeshe video ya Arizona, jimbo la jangwa huko Marekani: majabali mekundu, maji ya samawati, na mtu peke yake kwenye kayaki, kimtumbwi chembamba cha kasia, akivutana na samaki aitwaye besi. Video ni tamu. Maelezo yanayoifuata ndiyo huniudhi, maana mengi ni ya kubuni na mengine yanaweza kumfikisha mtu pabaya.

"Besi ni mbuta ambaye hajakua." Hapana. Mbuta wa Victoria na Turkana ni wa ukoo mwingine kabisa na anaweza kupita kilo 100. Besi huyu tunayemzungumzia, wa mdomo mpana, asili yake ni Amerika Kaskazini. Rekodi yake ya dunia ni kilo 10 na ushei, iliyowekwa Georgia, Marekani, mwaka 1932 na kufikiwa tena katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Anayekwambia alivua besi wa kilo 30, mwambie alete mizani.

"Ziwa la jangwani tunalo, Turkana. Twende tukavue besi huko." Hii ndiyo nzito. Ni kweli kwamba hakuna ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko Turkana duniani. Lakini maji yake ni ya magadi, besi hayumo, na mamba ni wengi. Halafu kuna upepo: si bure mitambo 365 ya kufua umeme ikasimikwa karibu na Loiyangalani, mji wa ukingoni mwa ziwa hilo. Mtu wa kayaki hapo atapelekwa asikotaka.

Besi wetu yuko Ziwa Naivasha, kama kilomita 90 kutoka mjini, na kule pia ni mgeni. Wakoloni walimleta kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, baada ya tilapia kutangulizwa mwaka 1925 ili apate cha kula. Kabla ya hapo ziwa lilikuwa na aina moja tu ya samaki, kadogo sana, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962. Mwaka 1970 wakaongezwa kamba wekundu wa Louisiana, na besi akawapenda kupita kiasi. Ndiyo sababu chambo bandia chenye umbo la kamba hufanya kazi Naivasha. Hilo wauzaji wa vifaa mjini hawakwambii, wao wanataka ununue kila rangi iliyopo dukani.

"Maziwa yale ya Arizona ni ya asili." Ni mabwawa. Saguaro lilitokana na ukuta uliokamilika mwaka 1930 kwenye Mto Salt. Mead, kwenye mpaka wa Arizona na Nevada, lilizaliwa na Bwawa la Hoover miaka hiyohiyo ya 1930, na Powell lilianza kujaa mwaka 1963. Maji yalipanda mabondeni, kisha watu wakatia besi humo. Mnairobi asishangae: Nairobi Dam pia ilijengwa na watu, mwaka 1953, na mashua za tanga zilishindana humo kabla ya magugu maji kuitwaa. Ule mstari mweupe unaouona kwenye miamba ya Mead si pambo la asili. Ni alama ya mahali maji yalipokuwa, na mwaka 2022 yalishuka hadi kiwango ambacho hakijaonekana tangu ziwa lilipokuwa likijazwa.

"Jua kali ndilo huamsha samaki." Kinyume chake. Kiangazi cha Arizona hupita nyuzi 40, na besi huteremka kwenye kina au kujibanza kivulini mwa jabali. Wavuvi wa kule huingia majini kabla ya jua kuchomoza na kutoka mapema. Wakati wao mzuri ni majira ya machipuko, maji yakiwa kama nyuzi 15 hadi 20, dume anapofagia kiota na kukilinda. Wakati huo hung'ata chambo hata bila njaa, kwa kufukuza tu, na ukimchukua mayai yanabaki bila mlinzi. Wengi humrudisha majini papo hapo.

"Samaki mkubwa atakupindua." Besi wa kilo tatu atakuvuta na kukuzungusha kidogo, basi. Wanaopinduka hupinduliwa na nanga iliyofungwa ubavuni, na kuinama upande mmoja kumwokota samaki, na mawimbi ya boti za injini. Nanga ifungwe mbele au nyuma. Jaketi la kuokolea uhai livaliwe, lisigeuzwe mto wa kukalia.

"Mmarekani anaweza, nami Naivasha nitaweza." Hapa sina mzaha. Mmarekani wa kwenye video hana kiboko. Besi wa Naivasha hupenda ukingo wenye mafunjo na magugu, na kiboko hupenda palepale. Kayaki iko chini na haina mlio, kwa hiyo mnyama hakujui mpaka mmekaribiana mno, naye akiinuka chini yako hakuna kasia la kukuokoa. Mwaka 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko ukingoni mwa ziwa hilo, na hakuwa hata majini. Wavuvi wa pale nao hushambuliwa.

Kodi boti ya injini yenye nahodha wa pale pale, patana naye bei kabla ya kupanda, na mwondoke asubuhi, kwa sababu mchana upepo huchafua ziwa. Leseni ya uvuvi wa burudani uliza ofisi ya uvuvi. Na kama bado kayaki inakuwasha, tafuta bwawa la shamba lisilofikiwa na viboko, umwombe mwenyewe ruhusa, na umuulize mapema kama lina besi au ni kambale tu.