Madini ya risasi mwilini mwa mtoto: tunayoyaamini na yaliyo kweli

“Mpe maziwa, yataosha sumu.” Kauli hii huwatuliza wazazi wengi wanaoishi karibu na karakana, kama zile za Katwe na Kisenyi jijini Kampala. Maziwa hayaoshi risasi, yaani yale madini ya sumu yaliyomo kwenye betri za gari na rangi za zamani. Faida yake ni nyingine: mtoto aliyeshiba, mwenye madini ya chuma na kalisi ya kutosha, hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Kwa hiyo maziwa, maharage, dodo (mchicha) na mukene (dagaa) ni kinga tu. Risasi ikishaingia huhamia mifupani na kukaa humo miaka mingi, na hakuna dawa inayorudisha ubongo ulioharibika.

“Mwanangu anacheza vizuri, ni mzima.” Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Risasi kidogo haileti homa wala kutapika. Huja kujulikana shuleni: mtoto hashiki masomo, hatulii, naye huitwa mtundu na kuchapwa kwa kosa lisilo lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapima watoto waliosoma karibu na jaa la taka la Kiteezi, Kampala. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa na mikrogramu 10 za risasi au zaidi kwa desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama, na linataka chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5. Kwa macho huwezi kujua. Ni kupima damu.

Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu kufikia 2006, ni kweli. Betri, rangi za zamani na sufuria zinazosubuliwa kwa skrepa bado tunazo. Kuchemsha maji nako huua vijidudu tu, risasi hubaki.

“Hayo ni maradhi ya fundi mwenyewe.” La. Vumbi la risasi humfuata baba nyumbani kwenye ovaroli na viatu, mtoto anayetambaa akalilamba mikononi, na mwili wake hufyonza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Fundi aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa kavu, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Mjamzito naye aache udongo wa kula, maana baadhi umekutwa na risasi, nayo huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Betri iliyokufa iuzwe nzima, asidi yake ikiwa ndani. Ikivunjwa uani, hakuna deki itakayoitoa risasi ile kwenye udongo.