Tiketi za lifti kwa familia inayokwenda kwenye skii mara ya kwanza: dhana potofu na ukweli

Katika safari ya kwanza ya skii, tiketi ya lifti ndiyo gharama inayomchanganya mzazi kuliko nyingine, kwa sababu malazi, chakula na nauli ni mambo aliyokwisha kuyazoea, ilhali hajawahi kununua haki ya kupandishwa mlimani kwa kiti kinachoning'inia kwenye waya. Nimeona familia zenye asili ya Afrika Mashariki, zinazoishi Ulaya, zikilipa mamia ya yuro kwa lifti ambazo hazikuzipanda hata mara moja. Hazikuwa familia zembe. Zilikuwa zimeamini mambo ambayo watu husimuliana kana kwamba ni kanuni.

"Tiketi ya eneo kubwa ndiyo yenye faida"

Hesabu inayomvuta mtu hapa ni ya kugawanya bei kwa kilomita. Les 3 Vallées nchini Ufaransa, eneo linalounganisha Courchevel, Méribel, Les Menuires na Val Thorens, lina kilomita zipatazo 600 za njia za skii, na tiketi yake ya siku 6 kwa mtu mzima imekwisha kupita yuro 350. Tiketi ya bonde moja tu, kwa mfano la Méribel, hufungua kilomita zipatazo 150 kwa bei ya chini zaidi, na anayelinganisha namba hizo mbili huona kwamba ile kubwa ndiyo nafuu.

Kilomita, hata hivyo, si kipimo cha mtu anayeanza. Asiyewahi kuvaa skii hutumia siku ya kwanza na ya pili, na mara nyingi ya tatu pia, kwenye kimteremko kimoja kifupi, akijifunza kusimama, kupunguza mwendo kwa kuzikutanisha ncha za mbele za skii, na kugeuka bila kuanguka. Baada ya hapo huhamia kwenye njia za kijani, ambazo Ufaransa huziweka chini kabisa katika mpangilio wake wa kijani, bluu, nyekundu na nyeusi. Kuvuka kutoka bonde moja hadi jingine na kurudi kabla lifti hazijafungwa alasiri kunahitaji mwendo ambao familia hiyo bado haina, na anayechelewa upande wa pili wa mlima hulazimika kulipia teksi inayozunguka kwa barabara mwendo mrefu, ingawa kwa lifti angefika muda mfupi tu. Kilomita 150 zenyewe ni nyingi kuliko anayeanza atakavyoweza kuzimaliza kwa wiki. Iwapo kijana mmoja atapiga hatua haraka, Méribel na Courchevel huuza nyongeza ya siku moja ya eneo zima, naye anaweza kununuliwa hiyo peke yake, siku ambayo mwalimu amesema yuko tayari.

"Kila mtu anunue siku zote sita tangu asubuhi ya kwanza"

Vituo vingi vina lifti za wanaoanza ambazo hazilipiwi, au zina tiketi ndogo ya eneo hilo pekee. Val d'Isère, kituo kinachosifika kwa miteremko mikali, kina lifti za bure za aina hiyo, na kwingineko utakuta mkanda unaosogea chini ya miguu, kama ule wa uwanja wa ndege, unaompandisha mtoto taratibu bila kumdai chochote. Kwa sababu hiyo, wa kuulizwa kwanza ni shule ya skii, si dirisha la tiketi, na swali liwe la wazi: kundi la mwanangu litapanda lifti gani, kuanzia siku gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua tiketi, na linaweza kutofautiana kwa kila mtu wa nyumba moja. Yapo mambo mawili ya kuangaliwa kabla ya kushangilia. Tiketi ya siku nyingi huwa nafuu kwa kila siku kuliko tiketi za siku mojamoja, kwa hiyo hesabu ifanywe kwa kalamu. Pia siku hizo kwa kawaida huhesabiwa mfululizo, hivyo siku ya tatu ambayo mtoto ataamka miguu ikimuuma na kukataa kutoka itakuwa imekwisha kulipiwa.

"Ada ya shule imejumuisha tiketi, na tiketi imejumuisha vifaa"

Dhana hii nimeikuta hasa kwa ndugu waliowahi kuishi Ghuba. Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya Mall of the Emirates, humpa mgeni wa mteremko wake koti, suruali, viatu na skii katika bei ile ile ya kuingia, na aliyeanzia huko hudhani kwamba ndivyo ilivyo duniani kote. Katika milima ya Alps kila kitu kina bei yake: mwalimu analipwa shuleni, viatu, skii na kofia ngumu hukodishwa dukani, na tiketi hufungua lifti pekee. Hata njia tambarare za skii za kuvuka nyika, mchezo uliompeleka Philip Boit wa Kenya kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, mara nyingi zina tiketi yake mbali.

"Mtoto mdogo hupanda bure, kwa hiyo hahitaji tiketi"

Ni kweli kwamba vituo vingi havimtozi mtoto mdogo. Huko Les 3 Vallées mpaka umekuwa miaka 5, na Zermatt nchini Uswisi umekuwa miaka 9. Lakini kutotozwa hakumwondolei mtoto wajibu wa kuwa na kadi yake. Mlango wa lifti hufunguka kwa kusoma chipu iliyo mfukoni, na mtoto asiye na chipu hubaki nje wakati mama yake amekwisha kupita, jambo la kuogofya kwa wote wawili mahali penye msongamano. Kadi hiyo hutolewa baada ya kuonyesha uthibitisho wa umri, hivyo pasipoti au nakala yake isiachwe hotelini. Namna ya kuhesabu umri nayo si moja: mahali pengine huangaliwa tarehe ya kuzaliwa kulingana na siku ya kwanza ya tiketi, na pengine, hasa Austria, huangaliwa mwaka wa kuzaliwa tu. Tiketi ya familia isomwe kwa makini vilevile, kwani kwa kawaida hutaka idadi fulani ya watu, walionunua kwa pamoja, kwa tarehe zile zile, na sharti hilo linaweza kumlazimisha baba kununua siku asizozihitaji ili apate punguzo dogo.

"Ukishanunua tiketi umekatiwa bima"

Hapa naomba msomaji asipite haraka, kwa sababu kosa la dhana nyingine zote hupoteza fedha za safari, na kosa la dhana hii linaweza kuleta deni. Ufaransa ilipitisha tarehe 9 Januari 1985 sheria ya milima iliyoziruhusu manispaa kumdai aliyeokolewa kwenye skii gharama za uokoaji. Anayevunjika mguu kwenye njia na kushushwa kwa sledi ya waokoaji hutumiwa ankara, na helikopta ikihitajika, ankara hukua. Kadi ya Ulaya ya bima ya afya humsaidia akifika katika hospitali ya umma, lakini haigharimii kuteremshwa kutoka mlimani wala kurudishwa nyumbani. Ndiyo maana dirishani huuzwa bima ya kila siku, kama ile ya Carré Neige, ambayo hulipia uokoaji na kurudisha fedha za siku za tiketi zilizobaki baada ya ajali. Ni ya hiari, nayo ni kisanduku kidogo ambacho anayenunua kwa simu hukiruka bila kukiona. Mwenye bima ya safari inayotaja skii waziwazi hana haja ya kulipa mara mbili. Asiye nayo akiweke alama kisanduku hicho kwa kila mtu, na wadogo pia.

"Bei ni ile ile, ununue leo au ununue ukifika"

Huko Marekani tofauti ni kubwa mno: tiketi ya siku moja dirishani huko Vail, Colorado, imevuka dola 300 katika misimu ya karibuni, wakati pasi ya msimu ya Epic, iliyoanzishwa mwaka 2008, na za aina yake huuzwa mapema kwa bei inayoifanya kila siku kuwa nafuu zaidi, kisha mauzo yake hufungwa majira ya baridi yanapoanza. Ulaya tofauti ni ya wastani, ingawa baadhi ya vituo siku hizi hupandisha bei kadiri tarehe inavyokaribia. Kabla ya kulipa mapema, soma masharti ya kurudishiwa fedha mtoto akiugua.

"Baba na mama wanaweza kupokezana tiketi moja"

Tiketi ni ya mtu mmoja kwa jina lake, na kuazimana huhesabiwa kuwa udanganyifu hata kati ya mume na mke. Penye mtoto mchanga, ulizia tiketi ya wazazi, kwani baadhi ya vituo huuza moja inayoruhusiwa kutumiwa kwa zamu.

Bibi asiyeteleza, ambaye wengi hudhani atakaa hotelini wiki nzima, ana tiketi yake ya waenda kwa miguu, yenye bei ndogo, itakayompandisha kwa gari la waya akale chakula cha mchana na wajukuu juu ya mlima. Jambo la kuulizwa dirishani ni kama lifti hiyo huwapokea waenda kwa miguu wakati wa kushuka pia, kwa kuwa baadhi ya lifti za viti hazimteremshi mtu, na yeye hatakuwa na skii za kumrudisha chini.