Wahimba: tunayoambiwa na yaliyopo

"Hawaogi." Ukitaja Wahimba, hilo ndilo utakaloambiwa kwanza, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Kunene, kaskazini-magharibi mwa Namibia wanakoishi wafugaji hawa, ni nchi kame. Maji yakipatikana ni ya kunywa watu na mifugo kwanza. Kwa hiyo mwanamke wa Kihimba hujifukiza: hutia majani na magome yanayonukia juu ya makaa, kisha hujifunika na kuuinamia moshi mpaka jasho limtoke. Akimaliza hujipaka otjize, siagi iliyochanganywa na udongo mwekundu uliosagwa, pengine na utomvu wa mti wa omuzumba kwa ajili ya harufu. Mchanganyiko huo huikinga ngozi na jua na ukavu, na kwao huo ndio urembo. Aliyekulia pwani yetu, akaona nguo zikifukizwa udi na bibi harusi akisingwa liwa, atalielewa jambo hili upesi.

Lugha yao nayo si ngeni kama inavyodhaniwa. Ni tawi la Kiherero, Kibantu kama Kiswahili: mtu ni omundu, watu ni ovandu, ng'ombe ni ongombe.

Kuna dhana iliyoenea baada ya kipindi kimoja cha televisheni ya Uingereza mwaka 2011, kwamba Wahimba hawaoni rangi ya buluu. Wanaiona. Ila neno lao moja, buru, hubeba buluu na kijani pamoja. Nasi "buluu" tumeiazima, na "kijani" tumekitoa kwenye jani. Macho ya wazee wetu yalikuwa yanaiona bahari vizuri tu.

Na lile la mgeni kupewa mke wa mwenyeji? Hakuna kitu cha namna hiyo kinachomngoja mtalii. Anayekwenda na wazo hilo kichwani abaki kwao.

Wengine husema ni watu ambao historia imewapita kando. Haikuwapita. Ndugu zao Waherero waliangamizwa na Wajerumani kati ya 1904 na 1908. Ukame wa miaka ya 1980 uliwaulia Wahimba sehemu kubwa ya ng'ombe. Miaka ya 1990, serikali ilipotaka kujenga bwawa la umeme Epupa, kwenye mto Kunene, ambalo lingefunika malisho na makaburi ya wazee wao, walilipinga waziwazi, na bwawa hilo halikujengwa pale. Leo mjini Opuwo utawakuta wamejipaka otjize, simu mkononi, wakinunua unga dukani.

Ukifika kijijini, mwulize mwenyeji ulipo okuruwo, moto mtakatifu ambao mkuu wa boma huzungumzia hapo na mababu. Upo kati ya nyumba yake na zizi la ng'ombe. Usikatize hapo katikati; zunguka kwa nyuma, hata kama njia ni ndefu.