Marekani kufuta ruzuku ya magari ya umeme hakutashusha bei ya Nissan Leaf Arusha

"Fundi, wazungu si wamefuta ruzuku ya magari ya umeme? Sasa yatakosa wateja kwao, yatamwagwa huku bei chee. Mimi nangoja." Swali hili nimelijibu Sakina, nimelijibu Njiro, nimelijibu kwenye simu za watu wa Moshi, na nikiendelea kulijibu kwa mdomo sitafanya kazi nyingine. Naliandika hapa mara moja. Ukiniuliza tena, nakutumia kiungo.

Kwa kifupi, unangoja basi kwenye kituo ambacho basi hilo halipiti.

Tuanze na kilichofutwa, maana wengi wanaolisema hili hawakijui. Marekani ilikuwa na unafuu wa kodi wa hadi dola 7,500 kwa gari jipya la umeme na hadi dola 4,000 kwa lililotumika. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliukatisha kwa magari yaliyonunuliwa baada ya Septemba 30, 2025. Watu wakakimbilia kwa wauzaji, mauzo ya robo ile yakavunja rekodi, Oktoba yakaporomoka. Mjanja alisaini mkataba na kulipa kianzio kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kuwa mamlaka ya kodi ya huko ilikubali kuhesabu siku ya mkataba na malipo, hata kama gari lingekabidhiwa baadaye. Ujerumani ilikuwa chungu zaidi. Ruzuku ilifungwa ghafla Desemba 2023, mwezi mmoja baada ya mahakama ya katiba kuipangua bajeti ya serikali, na huko kilichohesabiwa ni siku ya kuwasilisha maombi, ambayo yalipelekwa gari likishasajiliwa. Aliyeagiza mapema mwaka ule na bado akawa anangoja gari lake, imekula kwake, isipokuwa pale mtengenezaji alipokubali kuziba pengo. Uingereza ilifuta yake Juni 2022 kisha ikaanzisha nyingine Julai 2025. China ilimaliza ya kitaifa mwisho wa 2022 na mauzo yake yakaendelea kupanda. Kwa hiyo anayesema ruzuku zimefutwa "kwa sababu magari yamegundulika mabovu" aniambie ubovu gani huo uligunduliwa na mahakama ya katiba ya Ujerumani.

Sasa ninachotaka kieleweke vizuri. Ruzuku ya gari jipya huishusha bei ya lililotumika. Gari jipya likiwa la dola 40,000 na serikali ikabeba 7,500, mnunuzi anatoa 32,500. Nani basi atanunua la mwaka mmoja kwa 34,000? Hayupo. Muuzaji wa lililotumika analazimika kwenda chini ya 32,500, apende asipende. Ukiifuta ruzuku, jipya linarudi 40,000 na lililotumika linapata nafasi ya kupumua. Kwa hesabu hiyo, kufutwa kwa ruzuku kunaelekea kupandisha bei ya mtumba, kinyume kabisa na unachongoja wewe.

Nasema kunaelekea, maana soko halisomi vitabu. Ujerumani bei za yaliyotumika hazikupanda kama hesabu hiyo inavyotaka, kwa sababu watengenezaji wenyewe walikuwa wakipunguza bei za magari mapya ili kushindana. Marekani nako, siku ruzuku ilipokufa, Hyundai ilikata bei ya baadhi ya matoleo ya Ioniq 5 kwa karibu dola 10,000. Yaani mzigo ulihama kutoka mfuko wa serikali kwenda mfuko wa kiwanda. Ndiyo maana anayekutabiria bei ya mtumba ya mwaka kesho kwa kutazama ruzuku peke yake simwamini, hata kama ana digrii. Bei ya mtumba iliyoanguka sana Marekani 2023 na 2024 iliangushwa na Tesla kushusha bei za mapya na makampuni ya kukodisha kama Hertz kumwaga sokoni magari yao. Wakati huo ruzuku ya huko ilikuwa bado haijafutwa.

Na hata yakimwagwa, ya Marekani usukani uko kushoto. Sisi tunaendesha kushoto mwa barabara. Jaribu kulipita lori la saruji pale Kikatiti ukiwa umekaa upande wa majani.

Leaf za hapa zinatoka Japani, na chache Uingereza. Japani bado inatoa ruzuku, na ina sharti ambalo ndilo linalokugusa wewe moja kwa moja: aliyeipokea anatakiwa kukaa na gari miaka kadhaa, kwa kawaida minne, akiuza mapema anarudisha sehemu ya fedha. Juu yake weka ukaguzi wao wa lazima, wa kwanza gari likifikisha miaka 3 na baadaye kila miaka 2, ambao ni ghali na wengi huuza kuukwepa. Ukiunganisha hayo mawili utaona kwa nini mnadani Leaf nyingi ni za miaka 5, 7, 9. Huku nako ushuru wa uchakavu wa TRA, mamlaka ya mapato, unaanza kukugonga gari likifikisha miaka 8 na unaongezeka likipita 10. Dirisha lako ni jembamba. Ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti Japani, maana gari la bei nafuu mnadani lenye miaka 11 linaweza kutua Dar kwa gharama ya lile la miaka 7.

Bei ya Leaf inafuata betri. Hapo ndipo pa kukesha.

Kwenye dashibodi, pembeni mwa kipimo cha chaji, kuna vijimstari 12 vidogo vya afya ya betri. Usivichanganye na vikubwa vya chaji. Muuzaji atakuonyesha vikubwa na kusema "imejaa". Mstari wa kwanza hupotea afya ikishuka kufika kama asilimia 85. Baada ya hapo kila mstari ni kama asilimia 6. Kwa hiyo mistari 10 ni kati ya 72 na 79, mistari 9 inaishia karibu 66. Chini ya 9 mimi sinunui, labda iwe gari la kupeleka watoto shule na kurudi.

Mistari nayo inadanganywa. Kwa mashine ya kupimia, kumbukumbu ya kompyuta ya betri inafutwa na mistari yote 12 inarudi. Inakaa hivyo kwa muda, kisha inaanza kudondoka mmoja mmoja, na muuzaji hapokei simu tena. Leaf ya 2012 yenye mistari 12 na betri yake ya kiwandani usiiamini. Kwa upande mwingine, zile za betri ya kWh 30 (kWh moja ndiyo uniti moja ya umeme) zilitoka na kasoro ya programu iliyozionyesha zimechoka kuliko hali halisi, na Nissan ikatoa marekebisho 2018. Kwa hiyo kuna gari linalosifiwa uongo na kuna linalosingiziwa.

Nunua kifaa cha OBD cha Bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye gari na kutuma vipimo kwenye simu, na programu ya LeafSpy. Soma SOH (asilimia ya afya ya betri), soma Hx (kipimo kinachohusiana na ukinzani wa ndani wa betri), kisha fungua ukurasa wa seli 96. Chaji ikiwa karibu kujaa na gari limetulia, tofauti ya millivolti 20 au chini ni nzuri, lakini kipimo hicho hakitoshi. Shusha chaji hadi asilimia 20, panda nalo mwinuko wa Ilboru, au barabara ya Kibosho kama uko Moshi, ukikanyaga sawasawa huku mwenzio akitazama simu. Seli zote zikishuka pamoja, betri imezeeka kwa heshima. Seli moja ikidondoka millivolti 200 chini ya wenzake, moduli yake, yaani kifurushi cha seli chache ilimo, ni ya kubadilisha, na moduli ya kuweka lazima ilingane na zilizobaki, la sivyo utarudi kwenye tatizo lilelile. Betri hiyo ikijaa ina karibu volti 400. Fundi asiye na glavu za volti 1,000, na asiyeng'oa kwanza kile kiunganishi cha kukata umeme wa betri, usimwachie.

Namba ya SOH yenyewe ni makadirio ya kompyuta. Inaweza kucheza pointi mbili tatu kulingana na joto na jinsi gari lilivyochajiwa, bila betri kubadilika chochote. Wanaogombana kwenye magrupu kuhusu 74 na 76 wanapoteza bando.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote uko ukutani kwako: LUKU, mita yako ya umeme. Endesha mpaka chaji ibaki asilimia 20. Zima friji, pasi, hita, kila kitu. Soma uniti zilizobaki kwenye mita, chaji hadi 100, soma tena. Leaf ya kWh 24 ikiwa mpya ina karibu uniti 21.5 zinazotumika, na kama asilimia 13 ya umeme unaovuta hupotea njiani kwa joto. Kutoka 20 hadi 100 inapaswa kula kama uniti 20. Ikila 13, betri iko kwenye 66, hata dashibodi ikiwa na mistari 12. Mita ya TANESCO haifutwi kumbukumbu na dalali.

Wa Moshi na Arusha wana hesabu nyingine ambayo tangazo la kiwanda haliitaji. Kati ya miji hii ni kilomita 80 hivi, na Arusha iko juu kwa zaidi ya mita 500. Kuinua gari na watu, tuseme kilo 1,700, mita 550 kunahitaji kama uniti 2.5, na ukiweka upotevu wa mota ni 3. Chukua kWh 24 yenye afya 70: una uniti 15. Kwa kilomita 6.5 kwa uniti, kilomita 80 ni uniti 12.3. Kushuka Moshi unarudishiwa kama moja na nusu kwenye breki, unafika umebaki na nne. Kurudi unahitaji 15.3. Umejaza mpaka 100 Moshi na bado utaanza kukokota ukipita Tengeru, ambako mwinuko ndio kwanza umekolea. Mwenye safari hiyo kila wiki anunue ya kWh 40, mjadala umekwisha. Faida tuliyonayo ni baridi: Leaf ya mtumba tunayoletewa haina maji ya kupoza betri, kwa hiyo joto ndilo adui yake, na Arusha inaitunza kuliko Dar. Ukipata mbili za mwaka mmoja, iliyokaa Dar ipime mara mbili.

Gharama ya kutembea naipitia haraka. Uniti ni kama shilingi 356 pamoja na kodi, gari linakwenda kilomita 5.2 kwa kila uniti ya ukutani: shilingi 68 kwa kilomita. Toyota IST ya kilomita 13 kwa lita, petroli ukiiweka 2,900, ni 223. Kwa kilomita 1,000 kwa mwezi unaokoa 155,000. Ila kama nyumba yako iko kwenye tarifa ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, isahau. Gari peke yake litakula karibu 190.

Waya wa chaji uliokuja na gari la Japani umetengenezwa kwa volti 200 za kwao. Yetu ni 230. Baadhi huvumilia, baadhi huungua. Gari lenyewe halina shida, nunua waya wa 230 wenye kichwa cha Type 1. Soketi ya kawaida ya 13A haikuundwa kubeba mzigo saa nane mfululizo, ukiigusa baada ya saa moja ina moto. Weka ile ya bluu ya 16A, waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye mita, au 4 kama gari linalala mbali, breka yake peke yake na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya milliampea 30.

Halafu kuna ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Chaja ikikataa na kuwasha taa nyekundu, mara nyingi haijafa, inakwambia nyumba haina ethi. Udongo wetu wa volkano ukikauka haupitishi umeme vizuri, na fimbo moja fupi iliyopigwa ardhini kando ya ukuta haitoshi. Piga mbili au tatu ndefu, uziunganishe, upime. Kuna mafundi wanaomaliza tatizo hilo kwa dakika mbili: wanaunga nyutro na ethi ndani ya soketi, taa inakuwa kijani, wanalipwa. Siku nyutro ikikatika kwenye nguzo, bodi nzima ya gari inakuwa na volti 230, na mtoto anayekuja kufungua mlango achukue begi la shule ndiye atakayejua wa kwanza. Ukikuta soketi imeungwa hivyo, ing'oe leo.