Ughushi wa sanaa ni nini?

Ughushi wa sanaa ni kutengeneza kazi kisha kuiuza kwa historia isiyo yake. Kuiga peke yake si kosa. Fundi wa Tabora akichonga kiti cha mninga chenye egemeo refu, kwa mtindo wa viti vya watemi wa Kinyamwezi, akakiuza kama kiti kipya, hiyo ni kazi halali na ya heshima. Hata akikipaka masizi na mafuta, akakisugua kingo zichakae, bado hajaghushi. Anaghushi pale anapomwambia mnunuzi kwamba kilikaliwa na mtemi enzi za Mirambo.

Mholanzi Han van Meegeren aliufahamu ughushi kwa undani wa kutisha. Alichukua picha za karne ya 17, akakwangua rangi, akabaki na kitambaa cha kale. Rangi ya mafuta huchukua miaka mingi kukauka sawasawa, na ikiwa bado mpya hulainika ikipanguswa kwa spiriti. Yeye akachanganya rangi zake na malighafi ya Bakelite, plastiki ya zamani, akaioka picha hadi ikawa ngumu, akaiviringisha ipasuke nyufa, kisha akapaka wino ujae humo kama uchafu wa miaka.

Lakini kwa maoni yangu rangi haikuwa silaha yake kubwa. Kulikuwa na wataalamu walioamini kwamba Vermeer, mchoraji maarufu wa Uholanzi wa karne ya 17, aliathiriwa na wachoraji wa Italia na huenda aliacha picha za Biblia ambazo hazijaonekana. Akawachorea walichokuwa wakikitafuta. Historia nayo akaitunga: mwenye picha ni familia iliyoko Italia, haitaki kutajwa. Mwaka 1937 Abraham Bredius, bingwa aliyeheshimika sana, akaithibitisha picha ya Yesu akila na wanafunzi wake Emau. Jumba la makumbusho la Boijmans, Rotterdam, likainunua kwa zaidi ya gilda 500,000.

Van Meegeren alikamatwa mwaka 1945 kwa sababu “Vermeer” mmoja alikutwa kwa Göring, kigogo wa Wanazi. Ili asihukumiwe kwa usaliti wa kumuuzia adui hazina ya taifa, alikiri kwamba aliichora mwenyewe. Hakuaminiwa mara moja. Akachora nyingine mbele ya mashahidi. Mkemia Paul Coremans akaongoza uchunguzi uliothibitisha maneno yake. Hata hivyo tajiri Daniël van Beuningen, aliyekuwa amenunua “Karamu ya Mwisho”, kazi nyingine ya van Meegeren, alimshtaki Coremans mahakamani, aking'ang'ania kuwa yake ni ya Vermeer halisi.