Nilivyomrudishia mzee Wildfire yake kwa Asterisk

Kuna mzee wangu mmoja wa Mombasa, kahamia Leicester zamani sana, haoni, na kila nikienda kumtazamia simu yake swali ni lile lile: "Kijana, yule dada yuwapi?"

Dada mwenyewe ni Wildfire. Waliokuja juzi hawamjui, huyu alikuwa sekretari wa kwenye simu, sauti tu, katokea Marekani miaka ya 1990, kampuni ya simu ya Orange wakamnunua 2000 halafu Uingereza akazimwa 2005. Unanyanyua simu unamwita jina, anaitika, unamwambia nipigie fulani anapiga, na mtu akikupigia anamuuliza kwanza wewe nani, anakuja kukunong'oneza, ukitaka unapokea, hutaki anambakisha huko huko aache ujumbe. Siri, yule msaidizi wa sauti wa iPhone, katoka 2011, hesabu mwenyewe.

Nikamwambia mzee nipe wikiendi mbili. Wapi, ilikula miezi, na kosa ni langu, nilianza na sauti. Nikashusha modeli za kutambua maneno, nikahangaika nazo weee, mwisho wa siku nina kompyuta inayosikia Kiswahili lakini simu haipigi. Nilipokaa na mzee nikamuuliza hasa alikuwa anapenda nini kwa yule dada, kumbe kusikilizwa kunakuja nyuma, raha yake ilikuwa kuchujiwa simu. Na hilo Asterisk inalo siku nyingi!

Asterisk ni programu huria ya mtambo wa simu, Mark Spencer aliianza 1999 kwa sababu kampuni yake changa ilihitaji mtambo na bei za madukani hazishikiki. Kikompyuta chochote cha Linux kinaibeba, unaongeza laini ya SIP, yaani simu inayopita kwenye intaneti, ya kulipia, basi una eksichenji nyumbani. Kuchuja simu ni hii:

exten => s,1,Answer()
same => n,FollowMe(mzee,a)
same => n,VoiceMail(mzee)

Hiyo herufi a ndiyo kila kitu, inamwambia mpigaji ataje jina, inalirekodi, halafu mzee akinyanyua anasikia jina kwa sauti ya mpigaji mwenyewe ndipo aamue. Kawaida kupokea ni kubonyeza 1 na kukataa ni 2, mi nikaingia faili la mipangilio followme.conf nikaweka takecall, yaani kitufe cha kupokea, iwe 5. Kwa nini 5? Shika simu yoyote ya vitufe, pitisha kidole, 5 ina kinundu. Mzee alipogundua alicheka, akasema sasa umeanza kutumia akili.

Sauti sasa. Nilitumia Whisper, ile modeli ya OpenAI ya 2022 inayogeuza sauti kuwa maandishi, Kiswahili inakijua kiasi. Asterisk inarekodi sekunde chache kwa Record(), skripti ya Python inachukua faili inampa Whisper, maneno yanarudi. Ukiiacha ikisie lugha kwa sauti fupi hivyo inapotea, kwa hiyo mwambie wazi ni sw, kifupi cha Kiswahili. Na ukiipa ukimya inatunga, nilikuta imeandika sentensi nzima ya shukrani na mzee alikuwa anakohoa tu.

Shida kubwa ilikuwa Saida na Faida. Mmoja binti yake, mwingine jirani. Simu ya kawaida inakata sauti juu ya 3,400 Hz hivi, na upepo unaotofautisha s na f mwingi uko juu ya hapo, modeli kubwa au ndogo haikusaidii maana herufi imeshabaki njiani. Nikaacha kupigana. Mzee anapigia watu kumi na wawili tu, maneno yanayorudi nayalinganisha na majina hayo kwa difflib ambayo iko ndani ya Python yenyewe, yakikaribiana mawili inamuuliza, "Saida wa Faida?", nisameheni hiyo wa badala ya au, sauti tulirekodi na mjukuu wake na ndivyo alivyosema, tukaiacha. Mjukuu huyo huyo ndiye anayesema "ngoja kidogo babu" zile sekunde tatu nne Whisper inafikiri, bila hiyo mzee alikuwa anakata simu.

Halafu jamani fungeni 5060, mlango (port) wa SIP kwenye seva. Niliiacha wazi usiku mmoja, asubuhi logi imejaa majaribio ya kuingia, hao wanatafuta seva ya kupigia namba za bei mbaya nje na bili inakuja kwako. Weka Fail2ban, inayowafungia wanaojaribu kuingia ovyo, na fayawo iruhusu anwani za IP za anayekuuzia laini tu.

Wiki iliyopita mzee kanipigia, kupitia dada mpya, anataka shemeji yake akipiga baada ya saa mbili usiku aambiwe babu amelala. GotoIfTime mstari mmoja wa kuangalia saa, GotoIf mwingine wa kuangalia namba. Mjukuu kakataa kurekodi uongo, kwa hiyo sauti ni yangu.