Buti kuukuu na hewa ya Mombasa: yasemwayo na yalivyo

Ushauri mwingi wa kutunza ngozi umetungwa kwa nchi za baridi, ambako ngozi hukauka ikapasuka. Kwetu adui mkubwa ni unyevu. Ndiyo maana mtu hununua buti safi za mtumba Kongowea, akazihudumia kwa mapenzi yote, na bado zikamharibikia.

"Zipake mafuta ya nazi, zitalainika." Zitalainika kweli, na hapo ndipo balaa linapoanza. Mafuta hupenya mpaka ndani, rangi ya hudhurungi ikageuka nyeusi, na shingo ya buti ikalegea hata isisimame. Yanayobaki juu hushika vumbi, na kuvu huyapenda. Mafuta ya kupikia ni yale yale, ila yenyewe huongeza na harufu. Bora krimu ya ngozi, kiasi cha kulowesha ncha ya kitambaa tu, na ujaribu kwanza kwenye ulimi wa buti, pale panapofichwa na kamba.

Kiwi nayo wengi huidhania chakula cha ngozi. Kazi yake hasa ni kung'arisha na kuacha utando wa nta juu. Utando huo ukirundikana miaka na miaka hupasuka pale buti inapokunjika vidoleni, nawe ukadhani ngozi ndiyo iliyokatika.

"Kuvu ukiifuta imekwisha." Haijaisha. Ule unga mweupe unaoonekana mwezi wa Aprili au Mei, mvua zikikolea, una mbegu zisizoonekana, na unyevu wa hewa ukipita asilimia 70 zinaota tena. Toa buti nje ya nyumba kabla ya kuzipiga brashi, la sivyo utazipandia viatu vingine. Kisha changanya siki nyeupe na maji, sawa kwa sawa, ufute kwa kitambaa kilichokamuliwa: nje, ndani, na chini ya soli ya ndani kama inatoka. Mchanganyiko huo huo huondoa mistari myeupe ya chumvi. Sabuni ya kipande iache kwa nguo. Ngozi ina asili ya uchachu, na sabuni ile ni kinyume chake.

Halafu anatokea mtu wa kusema, "Zianike juani zikauke haraka." Ngozi ni protini, na ikipata joto kali ingali imelowa hujikunja na kukakamaa. Gundi ya soli nayo huachia. Jaza magazeti ndani, uyabadilishe yakilowa, uziweke kivulini penye upepo. Barazani panatosha.

Kuna pia wanaozifunga ndani ya plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, lakini uvunguni mwa watu bado imo, kwa kazi hii hii. Plastiki hufungia unyevu pamoja na buti. Mfuko wa kitambaa unafaa zaidi.

Dhana inayowagharimu watu pesa nyingi zaidi ni hii: "Buti isiyovaliwa haichakai." Soli nyingi nyepesi za kisasa ni za poliyurethani, aina ya plastiki, na maji yaliyomo hewani huivunja polepole, zaidi penye joto. Buti inaweza kukaa kabatini miaka, ngozi ikiwa inang'aa, na siku ya kuivaa soli ikamong'onyoka kama biskuti. Hakuna mafuta wala kiwi ya kuzuia hilo. Kwa hiyo ukiwa sokoni, usiangalie ngozi peke yake. Bonyeza soli kwa dole gumba karibu na kisigino, ikunje kidogo, utazame kama kuna nyufa nyembamba au unga unaobaki kidoleni. Ukiviona na ngozi bado ni nzima, punguza bei, kisha umpelekee fundi aweke soli ya mpira, na umwambie aishone. Akikwambia gundi pekee inatosha, tafuta fundi mwingine.